Mkebe wa Pini na Wambui Wawili

Juzi mjukuu wangu alirudi kutoka saluni na kichupa cha mafuta ya mbarika, eti ya kurefusha nywele. Alipokifungua tu, ile harufu ikanijaa puani, nzito, ya utamu wa kuchefua kidogo, nami nikaacha kumenya viazi. Sikufikiria nywele hata kidogo. Niliona vikombe vidogo vya ngozi vimelala ndani ya bakuli la mafuta, juu ya meza ya marehemu baba yangu, na kando yake ule mkebe. Nikamwambia mtoto akifunge hicho kichupa haraka. Alidhani nimekasirikia bei yake.

Wacha niwaeleze nyinyi, maana jambo hili nimekaa nalo miaka mingi kuliko niliyokaa na mume.

Baba alikuwa fundi mjini Thika wakati wa Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni ilipokuwa ikiwasaka wapiganaji wa uhuru. Alifanya kazi nyuma ya duka la baiskeli la Mhindi mmoja aliyeitwa Lalji, na tuliishi uani humohumo, chumba kimoja na jiko la mabati, tumezungukwa na ua wa kaiyaba. Anayeijua kaiyaba anajua miiba yake. Kuku wetu wenyewe waliiheshimu. Baba alitengeneza baiskeli, cherehani na taa za karabai, lakini kazi iliyompa jina ilikuwa ya bunduki za upepo. Wazungu wa mashamba ya kahawa kule Ruiru walikuwa nazo za kufukuzia ndege waliokula matunda yao. Ndani yake hamna baruti. Kuna springi nene inayosukuma pistoni, na mbele ya pistoni kuna kikombe cha ngozi cha kuzuia upepo usivuje. Ngozi ikikauka, bunduki inakohoa tu, na kirisasi kinaanguka miguuni pa mpigaji. Hapo ndipo ilipoletwa kwa Baba.

Vyombo vyake nilivijua kuliko nilivyojua binamu zangu. Vya kununua vilining'inia ukutani kwenye misumari: spana, koleo, tupa, na bisibisi mbili zenye mpini wa mbao. Vya kujitengenezea ndivyo alivyovipenda. Alikuwa na ndoano aliyoikunja kwa spoki ya baiskeli, ya kuvutia nje kikombe cha ngozi kilichochakaa. Alikuwa na kibao chenye tundu, ambamo alisukumia ngozi iliyolowa, ya kiti cha baiskeli kuukuu, mpaka ikakauka kwa umbo la kikombe, kisha akailaza ndani ya mafuta ya mbarika siku tatu. Na alikuwa na kijiti cha shaba alichokichonga kutoka kwenye stovu mbovu, cha kusukumia pini bila kukwaruza chuma cha Mzungu. Vidogo vyote vilikaa ndani ya mkebe wa biskuti ulioliwa na kutu pembeni. Humo pia, ndani ya karatasi ya mkate yenye nta, ilikaa barua yenye muhuri wa serikali, iliyosema kwamba mtu huyu ni fundi na ana ruhusa ya kushika bunduki hizo. Siku zile Mkikuyu kushikwa na bunduki bila maandishi halikuwa jambo la kuulizwa mara mbili.

Lakini mkubwa wa vyombo vyote alikuwa Jela. Jela ilikuwa boriti ya mutamaiyu, mti unaovunja shoka, na kwenye kichwa chake Baba alikuwa amefunga parafujo ndefu kama mkono wangu, iliyotoka kwenye mashine ya kahawa iliyotupwa. Bunduki ilivuliwa mbao zake, ikalazwa humo, parafujo ikakazwa kwa spana mpaka springi ikabanwa kabisa. Ndipo pini iliyoizuia springi ikatolewa, na springi ikalegezwa pole pole mpaka ikalala.

"Huyu ni mfungwa," Baba alikuwa akisema. "Ukimfungulia mlango ghafla, anakutoa jicho."

Kazi hiyo ilitaka watu wawili, mmoja wa spana na mmoja wa pini. Kabla ya kuanza Baba alisema maneno yaleyale kila mara: "Mdomo kimya, kidole mbali." Mama ndiye aliyekuwa akimvutia pini, akinung'unika kwamba ugali unaungua. Mimi nilikuwa nimeahidiwa. Baba alisema siku kichwa changu kitakapopita meza, pini itakuwa yangu. Nilijipima kila asubuhi. Nilikuwa na miaka minane, na nilibakisha upana wa vidole viwili, vitatu nikiwa mkweli.

Kisha akaja Wambui.

Mimi pia naitwa Wambui. Kwetu binti wa kwanza hupewa jina la mama yake baba, kwa hivyo ndugu wawili wakizaa mabinti, mabinti wote wawili ni bibi yuleyule. Baba yake Wambui alikuwa kaka yake Baba, mfanyakazi wa shamba kule Ruiru. Alikuwa amechukuliwa katika msako, na habari zake zikakatika. Mama yake alikuwa ameshafariki. Wambui akaletwa kwetu na kifurushi cha nguo kisichojaa kikapu. Tangu siku hiyo yeye akawa Wambui wa Ruiru na mimi, ndani ya nyumba yangu mwenyewe, nikawa Wambui wa Thika.

Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Mimi mwenyeji nilianza kuugua. Baba alikuwa na desturi ya kuniita Maitu, yaani mama yangu, kwa sababu ya jina la mama yake. Sasa alipoita "Maitu!" tuliitika wawili, na yeye aliitika upesi zaidi. Yeye alimwita baba yangu "Baba" pia, kama ilivyo haki kwa mtoto wa kaka, lakini kila alipolitamka mimi nilisikia kama ameninyang'anya kijiko mdomoni. Tena alikuwa na miaka kumi na moja, na kichwa chake kilipita meza kama vile meza ilikuwa imechimbiwa chini.

Hakumaliza wiki mbili akapewa pini.

Ilitokea kwamba alikuwa wa mkono wa kushoto. Shuleni mwalimu alimpiga fimbo kwa kuutumia mkono huo, lakini Baba alifurahi kana kwamba ameokota chombo kipya. Aliyekaza spana alisimama kulia, na mvuta pini wa mkono wa kushoto hakugongana naye hata kidogo. "Maitu," alimwambia, "wewe umeumbiwa kazi hii." Nilikuwa mlangoni nimeshika bakuli la mafuta.  Wambui wa Ruiru akakabidhiwa na mkebe, autunze yeye. Usiku nililala naye kitanda kimoja nikimgeuzia mgongo, na bado niliinusa ile harufu ya mbarika kwenye vidole vyake. Nilitaka vidole vile vikatike. Nasema ukweli, nilikuwa na miaka minane na nilitaka hivyo.

Ijumaa moja jioni niliuchukua mkebe kwenye rafu nikausukumiza ndani ya kaiyaba, mkono ukaingia mpaka kwenye kiwiko. Miiba ilinikwangua vibaya, lakini sikulia. Nilijua nilichokitaka. Nilitaka Baba aamke, atafute mkebe, akose, amgombeze Wambui wa Ruiru mbele yangu. Baada ya hapo ningeuokota mahali fulani, niwe mtoto mwema.

Asubuhi Mama alienda kusaga mahindi, na Lalji alikuwa Nairobi kuleta mali. Baba alikuwa na bunduki ya kumaliza siku hiyo ipelekwe Ruiru. Akailaza ndani ya Jela, akakaza, akanyoosha mkono bila kugeuka.

"Kijiti cha shaba, Maitu."

Wambui akaangalia rafu. Akaangalia chini ya meza. Uso ukamgeuka rangi. Mimi nilikuwa mlangoni na bakuli langu, nikisubiri kwa hamu kama mtu anayengoja chakula cha harusi.

"Sioni mkebe, Baba," akasema.

Sasa, nikawaza. Sasa hivi.

"Tafuta pole pole," Baba akajibu. "Nyumba haimezi kitu. Usiogope."

Hata sauti hakuipandisha! Mimi nilipomwaga mafuta mwezi uliotangulia nilipigwa makofi mawili. Wivu ukanipanda mpaka masikio yakawaka, na nikaapa moyoni sitautoa ule mkebe mpaka jioni, mpaka amgombeze kweli. Laiti angemfokea hata kidogo, ningekimbia kuuleta. Ndiyo sababu nilikuwa bado nimesimama pale lori lilipofunga breki barabarani.

Askari waliingia uani wanne. Walikuwa wakikagua vipande, yaani vitambulisho vya watu, mtaa mzima. Wa kwanza alichungulia ndani, akaona chuma kimefungwa juu ya meza, akapiga kelele: "Bunduki!" Baba akainua mikono juu, spana bado iko kwenye parafujo.

"Ni ya upepo, afande. Ya kupiga ndege. Mimi ni fundi, niko na barua."

"Wapi barua?"

Baba akamtazama Wambui. Wambui akanitazama mimi. Ningeweza kusema neno moja tu. Kaiyaba ilikuwa hatua ishirini. Lakini nikisema, itajulikana, na itajulikana mbele ya Wambui wa Ruiru. Nilifunga mdomo, nikakazia macho bakuli la mafuta. Wakamsukuma Baba nje kwa kitako cha bunduki isiyo ya upepo, wakampandisha lori, wakabeba na ile ya Mzungu.

Lori lilipoondoka Wambui alinijia. Nilidhani atanipiga.

"Uliuweka wapi?" aliuliza tu, akiiangalia mikwaruzo ya mkono wangu.

Nilionyesha kwa kidevu. Alipiga magoti, akaingiza mkono wa kushoto ndani ya kaiyaba mpaka kwapani, kwa sababu mkebe ulikuwa umeteleza ndani zaidi. Alipoutoa, mkono ulikuwa mwekundu wote. Hakuufuta. Alikimbia hivyo hivyo na mkebe mpaka kwenye kambi ya polisi, na mimi nilibaki uani na kuku.

Barua ilimwokoa Baba, ila walimweka mpaka Lalji aliporudi Jumatatu kumtambua. Baba alirudi nyumbani kwa miguu, shati limechanika, na jino la mbele halipo. Alikula kwanza. Kisha akatuita sote wawili.

"Nani aliuweka mkebe kwenye kaiyaba?"

"Ni mimi, Baba," Wambui alisema upesi. "Nilikuwa nikicheza nao, nikasahau."

Baba aliutazama mkono wake wa kushoto, uliokuwa umevimba na kupakwa dawa ya zambarau. Akautazama mkono wangu wa kulia, wenye mikwaruzo yake myembamba iliyoanza kukauka. 

"Haya," akasema. "Basi mkebe umemshinda Wambui wa Ruiru. Wambui wa Thika, kesho wewe ndiye utavuta pini."

Nilipata nilichokitaka, na nilipandishwa juu ya sanduku ili niifikie meza. Baba alikaza spana. "Mdomo kimya, kidole mbali," alisema, na maneno yakapiga mluzi katika lile pengo la jino. Watoto wa jirani waliokuwa wakichungulia walicheka sana. Wambui alikuwa mlangoni, ameshika bakuli la mafuta kwa mkono mmoja. Nilipoishika pini niliona kidole gumba cha Baba kiko pale pale, mbele ya springi, mahali alipotukataza maisha yote tusiweke kidole. Nilidhani amejisahau kwa uchovu. Niliivuta pini pole pole, na kidole chake hakikusogea.

Nilivuta pini miaka mitano, na kila mara alikiweka pale.

Baba alifariki akiwa mzee sana. Kwenye wosia wake wa mdomo, aliomwachia Mama, Jela alimpa Wambui wa Ruiru. Nilikuwa mama mwenye watoto wanne wakati huo, na bado nilinuna matangani kama mtoto aliyenyimwa mandazi. Mimi niliachiwa mkebe. "Alisema mkebe ni wako," Mama alinieleza, "kwa sababu wewe ndiye unajua unapokaa."

Mama hakuelewa maneno hayo. Mimi nilitoka nje nikakaa chini. Alijua. Alijua tangu ile Jumatatu, alipoitazama mikono miwili, wa aliyeficha na wa aliyetoa. Alijua, na asubuhi iliyofuata alikikabidhi kidole chake kwa mtoto aliyemsababishia kung'olewa jino.

Wiki hii, baada ya ile harufu ya kichupa, niliubeba mkebe nikaenda Ruiru. Wambui bado yuko, amepinda mgongo lakini ulimi mzima. Nilimwambia yote, kwamba nilimwonea wivu hata nikataka vidole vyake vikatike. Alicheka.

"Mambo ya kuficha mkebe nilikusamehe siku ileile," alisema. "Wewe ulitaka kuvuta pini tu. Mimi nilikuwa nimeshaona lori moja likienda na baba yangu, na la pili sikulitaka."

Kisha akanimiminia chai, kwa mkono wa kushoto kama kawaida yake. Mkono wa sweta ulipanda, nikaziona zile alama bado ziko, madoa madogo meupe kutoka kifundoni mpaka juu. Niliutazama mkono wangu wa kulia. Ulikuwa safi, hauna hata alama moja, na nikamwonea wivu tena.