Mama Ingia, Mkunga wa Mlango Usio na Komeo

Alizaliwa katika chumba cha nyuma cha dobi, kati ya mabeseni na mvuke wa pasi, kitinda mimba wa mama mjane. Shangazi yake alimfundisha ukunga angali msichana: kucha fupi, maji yaliyochemka, na mlango kufungwa kwa komeo mpaka mtoto alie, maana uzazi hautaki macho ya wapita njia. Sheria hiyo aliishika kwa moyo wote, nayo ndiyo iliyokuja kumliza.

Alikuwa na binti mmoja tu, mboni ya jicho lake. Walikosana juu ya mchumba, maneno yakawa makali, binti akafunga virago. Miaka ikapita. Siku moja ya mvua kubwa, mkunga akimzalisha mke wa mwokaji mikate, bega la mtoto limekwama, hodi ikapigwa. "Mama, ni mimi." Aliijua sauti ile. Lakini mikononi mwake zilikuwamo roho mbili. "Ngoja!" akajibu, kwa ukali wa kazi. Mtoto alipolia na komeo kuvutwa, kizingitini palikuwa na nyayo za maji tu.

Kesho yake alimwita seremala aling'oe komeo. "Na wezi je, mama?" seremala akauliza. Akasema: "Ling'oe, baba. Lilinifungia nje mimi."

Wezi walikuja kweli, wakabeba hata mabeseni. Wazee wa kanisa wakamsema kwa kugeuza nyumba kuwa njia panda. Hakubadilika. Kila hodi ilipopigwa, kabla hajaona uso, aliitikia: "Ingia, mwanangu!" Watu walicheka, maana hata mtoza kodi mwenye mvi aliitwa mwanangu. Lakini wajane waliingia, na wasichana waliofukuzwa kwao na mimba zao. Akawazalisha, akawafundisha kazi, na wakunga wa nyumba ile wakaenea mji mzima. Wanafunzi wake waliona jinsi uso wake ulivyong'aa kwa kila hodi, kisha ukatulia alipoona si yeye. Alitamani kumwona binti yake mpaka uzeeni, akisali sala moja: "Bwana, mfikishie sauti yangu."

Wapo wanaosema taa yake iliwaka bila mafuta. Hilo hatukuliona. Tunalolijua ni kwamba siku ya kufa kwake aliingia mwanamke mwenye uchungu, naye akashuka kitandani akampisha. Alifariki kitini, akisikia kilio cha mtoto.

Siku chache baada ya maziko, mwanamke wa makamo alisimama mbele ya mlango ule. Ulikuwa wazi, lakini hakuthubutu kuvuka. Akabisha kwa kidole, taratibu, tayari kuondoka tena. Ndani, wanawake waliokuwa wakichemsha maji hawakugeuka kutazama ni nani. Wakaitikia kwa pamoja, kama walivyofundishwa: "Ingia, mwanangu!"

Nasi, wapendwa, tukibishiwa hodi, tutangulize neno hilo kabla ya kuuliza jina. Binti yule aliingia. Hajaondoka mpaka leo.