Chumba cha Maganda ya Mpunga

Godauni la baba yangu hapa Koboko ni la mabati juu mpaka chini, na saa sita mchana hata mijusi hulikimbia. Humo ndimo nilimoamua kutengenezea keki za arusi. Shangazi alisema krimu yangu itafika Arua kabla yangu, ikitiririka barabarani. Nikamwambia asubiri aone. Mimi nikishaamua jambo sirudi nyuma, na vicheko vya watu hunipa nguvu.

Baba, mwanajeshi mstaafu ambaye Kiswahili chake cha kambini ndicho tunachozungumza nyumbani, hakucheka. Alinipa kona moja nyuma ya magunia ya muhogo mkavu, akaweka sharti: keki ya kwanza ikiharibika, nabomoa nitakachokuwa nimejenga, na kona inarudi kwa muhogo.

Nikajenga chumba ndani ya godauni, mbali kidogo na bati kila upande. Fremu ya mbao, plaiwudi ndani na nje, na katikati nikajaza maganda kutoka mashine ya kukoboa mpunga kule Arua, nimeyachanganya na majivu ili mchwa na panya wasinogewe. Juu ya dari nikalaza magunia ya maganda yaleyale. Nikafunga kiyoyozi kidogo, na nilipokijaribu nikapapasa ukuta: chini baridi, juu moto. Maganda yalikuwa yameshuka yakaacha pengo. Nikafungua juu, nikajaza, nikagonga ubao yashuke, nikajaza tena mpaka pasibaki mahali palipolia utupu. Mlango nikauzungushia vipande vya godoro kuukuu.

Nilichosahau ni salamu. Kwetu mtu akipita lazima aingie, akae, aulize habari za nyumbani, na mwenye kufunga mlango mchana ana lake jambo. Habari za baridi yangu zilipoenea, hata wasionijua walianza kuja kunijulia hali.

Basi ikaja keki ya kwanza, ya ghorofa, ya arusi ya Arua kesho yake. Nilikuwa namalizia maua ya krimu umeme ulipokatika, jua limeshapanda. Nikafunga mlango, nikawasha tochi ya simu. Kuta nilizijua, nimezijaza kwa mikono yangu. Zingetunza baridi, mradi mlango usifunguliwe.

Mlango ukagongwa.

"Nani?"

"Wewe nauliza mimi nani ndani ya godauni yangu?" Alikuwa baba, na wazee wenzake wa jeshini, wamekuja kusalimia na kuona keki.

"Baba, umeme hapana. Kama mimi fungua, baridi yote nakwenda."

"Wewe nafungia wazee mlango?"

Maishani sikuwahi kumwambia baba hapana, tena mbele ya wenzake. Lakini bibi arusi wa watu alikuwa ananitegemea, na nilijua ninachokifanya.

"Ndiyo, baba. Samahani sana. Leo mimi hapana fungua."

Nyayo zikaondoka. Nilikaa kando ya keki nikalia, nusu hofu, nusu hasira, huku kila mara nikigusa ua la chini kwa ncha ya kidole. Lilikuwa bado limesimama.

Baadaye nikasikia kiti kikiburutwa, halafu sauti ya shangazi. "Mimi nakuja salimia mtoto."

"Hapana ingia," sauti ya baba ikajibu, karibu kabisa na mlango. "Salimia mimi hapa. Mimi nafikisha."

Wakaja wengine. Kila mmoja aliambiwa vivyo hivyo.

Umeme ulirudi alasiri. Kiyoyozi kilipoanza kunguruma nilifungua mlango, na joto la mabati likanipiga usoni. Baba alikuwa kwenye kiti, peke yake, shati limelowa jasho mgongoni. Akasimama.

"Sasa mimi naweza ingia?"

Godauni ni lake, kona ni yake, na ananiomba ruhusa. Nikasogea kumpisha.

Aliingia, akaizunguka keki taratibu. Hakuna ua lililolala. Akanyoosha mkono juu, pale maganda yalipokuwa yameshuka, akakiweka kiganja ukutani na kukiacha hapo kwa muda. Kisha akageuka kunitazama, mimi niliyekuwa bado nimesimama kizingitini nikijifuta machozi.

"Funga mlango," alisema. "Baridi natoka."