Mkebe wa Maswali wa Karani Kitheka

Mpaka leo nikisikia mtu akisema "hayo mambo yalikwisha", damu hunichemka. Mambo gani yalikwisha? Nani aliyaona yakiisha? Mimi nilikula mbuzi wa mambo yaliyokwisha, nikajilamba vidole, na nusura yanimalize mimi.

Naitwa Nduku. Nimeuza nyanya katika soko la Kola tangu binti yangu Mutanu akinyonya, na meza yangu iko chini ya ukuta wa kinu cha unga, pale pale palipokuwa na ubao wa Kitheka. Kwa hiyo namjua kuliko wale waliompigia makofi na kuliko wale waliomtoza faini.

Kitheka alikuwa karani wa stoo katika kiwanda cha saruji huko Athi River. Walipopunguza wafanyakazi alirudi nyumbani na koti moja, redio moja na hasira zake zote. Kulima hakujua. Mvua ilipokataa aliwaeleza majirani habari za bahari za mbali zinazopata joto, na majirani wakamwambia apalilie kwanza. Basi akapaka sehemu ya ukuta wa kinu rangi nyeusi, akapigilia mkebe wa mafuta ya kupikia chini yake, akautoboa mdomo kama wa sanduku la posta na kuutia kufuli. Ukiwa na swali unaliandika, unalitumbukiza. Jumamosi, siku ya soko, unasoma jibu kwa chaki. Wasiojua kusoma walisomewa na mimi, huku nikipima nyanya.

Watu waliuliza, jamani! Kinyonga ana sumu? Kitheka akaandika kwamba hana hata tone, kwamba hubadili rangi kwa joto, kwa woga na kwa hasira, "kama mimi", na kwamba anayemchoma moto anamchoma mlinzi anayemlia nzi bure. Kompyuta ina akili ama ina pepo? Kwa swali hilo alipanda gari hadi Machakos mjini, kwenye duka la kompyuta la kijana mmoja anayeitwa Mike, akakaa huko tangu asubuhi mpaka Mike akachoka naye. Jibu lake nalikumbuka neno kwa neno: "Haina akili wala pepo. Inajua mambo mawili tu, umeme upo na umeme haupo, lakini inayahesabu upesi kuliko wewe. Ukiilisha uongo, itakurudishia uongo uliopigwa chapa vizuri."

Mwaka wa 2003 vita vya Iraki vilipoanza, mkebe ulifurika. Watu walitaka kujua Baghdad iko upande gani, nani alimwanza nani, na kwa nini wengine wapigane huko halafu mafuta ya taa yapande Kola. Kitheka akachora ramani ukuta mzima, mito miwili na visima vya mafuta, wazee wakasimama mbele yake na fimbo zao wakibishana kama wana mashamba kule. Mbwa wa Kola hakuna aliyeuliza habari zao.

Aliyeniuma alikuwa mbwa wa jirani yangu, Ndunda. Shamba lake na langu yametenganishwa na ua wa makonge. Jumatano moja jioni nilikuwa nakata majani ya mbuzi, yule mbwa akapita pengo la ua bila kubweka, mate yakimtiririka, akaniuma shavu la mguu na kuendelea na safari yake kama mtu aliyetumwa. Nilitia majivu na mafuta ya taa, nikafunga na kipande cha leso.

Kwetu mbwa akimuuma mtu, mwenye mbwa huleta mbuzi. Wazee huketi, mbuzi huchinjwa, aliyeumwa na mwenye mbwa hula nyama ya sinia moja, na mzee mkubwa hutamka kwamba maneno yamekatwa. Baada ya hapo ukiyafufua unatozwa mbuzi wewe. Ni desturi nzuri, imezuia mapanga mengi. Jumapili tuliketi kwa Urbanus, mzee wetu wa kijiji. Ndunda akaleta beberu mnono.

"Na hiyo mbwa iko wapi?" Urbanus aliuliza.

"Nimepeleka kwa ndugu yangu huko Kithyoko," Ndunda akajibu, akiangalia chini. "Haitasumbua mtu tena."

Tukala. Nilipewa figo.

Jumanne Kitheka akaja mezani pangu, hakunisalimu hata. "Mama Mutanu, hiyo mbwa ilikuwa inabweka?"

"Haikubweka."

"Ilikuwa na mate?"

"Karani, hayo maneno wazee wamekata. Niache niuze."

"Wazee wamekata maneno. Wamekata ugonjwa?" Akaondoka akinung'unika. Nilimwona akishika njia ya kwa Ndunda, koti likipepea. Kumbe alimkuta Ndunda hayupo, mnyororo umefungwa kwenye mpera bila mbwa, na karibu na makonge udongo mbichi uliofukuliwa.

Jumamosi nilifika sokoni nikakuta watu wamejaa mbele ya ubao, na wote wakageuka kunitazama mimi. Ramani ya Iraki ilikuwa imefutwa. Badala yake:

"HAKUNA ALIYEULIZA LAKINI NAJIBU. Mbwa wa Ndunda hakwenda Kithyoko, amekufa na amezikwa. Mbwa akiuma bila kubweka, akitokwa na mate, kisha afe, huo ni ugonjwa wa kichaa cha mbwa. Ugonjwa uko katika mate yake. Unatembea ndani ya mtu polepole, wiki au miezi, na siku ukijitokeza hakuna dawa duniani. Dawa iko kabla. Osha kidonda kwa sabuni na maji mengi, nenda hospitali udungwe. Zile sindano za tumboni ni za zamani, siku hizi ni mkono. Nduku wa nyanya, leo ni siku ya kumi. Unangoja nini?"

Hasira iliyonishika siwezi kuieleza. Jina langu ukutani, mbele ya wateja! Nilichukua maji ya kunyunyizia sukuma wiki nikayamwaga kwenye ubao, nikamfuata Kitheka nyuma ya kinu.

"Wewe ni nani wa kuniandika kama tangazo la maiti?"

"Bado hujakuwa maiti. Ndio sababu nimeandika."

"Nimekula hiyo mbuzi! Unataka nionekane mtu wa kula na kugeuka?"

"Mbuzi imekulinda na Ndunda," alipiga kelele, mishipa imemtoka shingoni. "Na mbwa je, nani atakulinda nayo? Niitie wazee ukitaka. Lakini panda gari kwanza!"

Nilipanda, lakini si kwa busara. Nilitaka daktari amcheke Kitheka, nirudi niwaambie watu wote. Hospitalini nesi hakucheka. Alinitazama mguu, akauliza siku, akasaga meno kwa hasira, akanidunga mkononi palepale. "Utarudi mara nne," akasema. "Na kama kuna mwingine huko, mlete. Hata akichelewa wiki, maadamu hajaanza kuugua, mlete." Nikarudi Kola. Sikumwambia mtu maneno ya nesi. Nilikuwa na aibu, na aibu yangu huvaa nguo za hasira.

Wazee walimtoza Kitheka mbuzi kwa kufukua maneno yaliyokatwa. Hakuna aliyemkemea Ndunda kwa uongo wake. Niliketi pale, mkono wangu ukiwa bado unauma kwa sindano, nisifungue mdomo kumtetea. Kitheka alikataa kulipa. Alikwenda ukutani na kitambaa, akaufuta ubao mpaka ukang'aa, akarudi nyumbani.

"Watu bado wanatia karatasi," nilimwambia wiki ya pili.

"Watie. Sifungui tena. Waulize Urbanus. Wakae na ujinga wao ndani ya mkebe mpaka uoze."

Wateja waliniuliza, "Karani ameandika?" nikawajibu sijui. Lakini nilijua.

Wiki ya tatu, asubuhi kabla watu hawajafika, nilimwona Ndunda. Alipita meza yangu, akarudi, akapita tena. Mkono wake wa kulia ulikuwa na alama za miiba ya makonge zilizopona. Akatoa karatasi iliyokunjwa mara nyingi, akaitumbukiza upesi kama anayeiba.

"Habari ya nyanya, Mama Mutanu?" akasema.

"Nzuri," nikasema, nikamgeuzia mgongo. Mtu aliyenilisha figo na uongo katika sinia moja! Nilijua ule mkebe haufunguliwi. Neno moja tu lingetosha, "Mzee, hiyo haifunguliwi, nenda kwake nyumbani." Sikulisema. Nilijifanya napanga nyanya.

Mwezi wa sita Ndunda akaanza kuumwa na kichwa. Kisha akawa hawezi kumeza, kikombe cha maji kikiletwa anatetemeka na kupiga mayowe. Walimpeleka hospitalini wakiwa wanne, na baada ya siku tatu wakamrudisha kwenye sanduku. Kijijini walisema ni laana ya ubao. Kaburini Urbanus alisimama, akasema kwa sauti yake ya mikutano, "Mficha maradhi, kifo humuumbua." Watu wakaitikia kwa vichwa. Mimi pia niliitikia. Nilifurahi kidogo, Mungu anisamehe, kwamba kosa lilikuwa na mwenyewe.

Jumamosi baada ya matanga, Munyiva, mjane wake, alikuja sokoni na shuka nyeusi kichwani. Kitheka alikuwa kwangu akinunua vitunguu. Munyiva akamsimamia mbele.

"Karani, mimi sikuja kugombana. Nataka kujua kitu moja tu. Baba ya watoto alikuandikia. Alisubiri Jumamosi tatu, anaenda kusoma ubao, anarudi. Ulimjibu nini?"

Mkono wa Kitheka ulitafuta ufunguo mfukoni kwa muda mrefu, ukaukosa, akachukua jiwe langu la kupimia akalivunja kufuli. Karatasi zikamwagika juu ya nyanya. Za Baghdad, za kompyuta, ya mtu aliyetaka kujua kama popo ni ndege. Munyiva ndiye aliyeitambua, ukurasa wa kalenda uliokunjwa mara nyingi. Hakujua kusoma. Akanipa mimi, kama watu wote wa Kola wanavyonipa.

Nikasoma kwa sauti, kwa sababu sikuweza kukataa:

"Kwa Karani. Nilikuwa nafunga mbwa. Mkono yangu ilikuwa imekatwa na makonge na mbwa ikanilamba hapo. Haikuniuma. Hiyo inahesabika ama haihesabiki? Kama inahesabika nitaenda. Usiandike jina. Naona aibu ya wazee."

Kitheka aliketi chini, juu ya gunia langu. Munyiva alimtazama, kisha akanitazama mimi, kwa muda mrefu zaidi, kwa sababu yeye alijua meza yangu iko wapi na ni nani hufika sokoni mapema. Hakuniuliza. Alichukua ile karatasi mkononi mwangu, akaikunja ilivyokuwa, akaenda.

Watu wakadhani Kitheka hataandika tena. Aliandika siku ile ile, chaki ikikatika katika vidole vyake. Hakuandika jina. Aliandika neno moja katikati ya ule weusi wote, "INAHESABIKA", na chini yake njia ya kufika hospitali.

Tangu siku ile anafungua mkebe kila asubuhi, hata akiwa amegombana na dunia nzima. Na mimi, nikimwona mtu anatumbukiza karatasi, simgeuzii mgongo, hata kama nimemchukia vipi. Namwita kwa jina, namuuliza kama anaweza kungoja mpaka Jumamosi.