Binti yangu mmoja ni shujaa, pacha wake ni mbwa

Admini, naomba ulifiche jina langu vizuri, kwa sababu Likasi ni mji mdogo na hata bosi wangu anausoma ukurasa huu. Mimi ni mwanaume wa miaka thelathini na sita, fundi wa pampu katika kiwanda kimoja hapa. Nina mke na mabinti pacha wa miaka tisa, Mbuyi na Kabanga. Tangu wazaliwe hakuna anayeniita kwa jina langu. Mtaani, kanisani, kazini, mimi ni Shambuyi, baba wa mapacha, na jina hilo nilikuwa najivunia mpaka juzi.

Kwa msiojua, kwetu mapacha hupewa sawasawa na siku moja. Ukimnunulia Mbuyi viatu, vya Kabanga viwe kwenye mfuko huohuo. Ukiwa na andazi moja, unalikata katikati huku wote wawili wanaangalia. Ukimnyima mmoja, wazee wanasema moyo wake utaumia mpaka mwili uugue. Mimi nimesoma, nilikuwa nacheka chini chini, lakini kwa miaka tisa sikuwahi kukosea.

Sasa mimi ni mtu wa gemu tangu ujana. Zamani ukinunua diski, umenunua gemu zima. Wachezaji wote walikuwa humo, na siri zake ulizifungua kwa vidole vyako mwenyewe, kwa kushindwa na kurudia. Siku hizi unalipa bei ya nyumba nzima unapewa sebule, halafu funguo za vyumba wanakuuzia kimoja kimoja. Kila mwaka wanakata kidogo tena. Naumia, natukana, nawaambia rafiki zangu huu ni wizi, kisha nalipa. Huo ndio ugonjwa wangu, sijui niupe jina gani lingine.

Krismasi niliwaletea mabinti gemu la kupigana na majitu. Kwenye kasha walichorwa wasichana wawili mashujaa, bega kwa bega, na ndiyo sababu nililichagua. Tulipoliwasha, shujaa wa kwanza alikuwepo. Wa pili alikuwa na kufuli kifuani, anauzwa pembeni. Usipomnunua, mchezaji wa pili anapewa mbwa wa kumfuata shujaa na kumwokotea vitu. Mbuyi, kwa vile ndiye aliyetangulia kuzaliwa, alishika usukani wa kwanza, kile kidude cha kuchezea. Kabanga akawa mbwa. Niliwaambia wabadilishane zamu, lakini hata wakibadilishana, bado mmoja ni shujaa na mwenzake ni mbwa. Nikamwahidi Kabanga kwamba nikipokea mshahara tu, shujaa wake anakuja.

Mshahara ukaja. Nilienda kwenye kibanda cha simu, nikanunua namba ya malipo iliyotosha kitu kimoja, nikarudi nyumbani. Mke wangu na watoto walikuwa kwenye mazoezi ya kwaya. Nilipowasha mashine, kabla sijafika kwa yule shujaa, likatokea tangazo la jezi ya dhahabu kwa timu yangu ya gemu la mpira, timu niliyoihangaikia miaka minne. Inauzwa leo tu, walisema. Nikajiambia shujaa hakimbii, atakuwepo mwezi ujao. Nikabonyeza.

Ndugu zangu, ni jezi isiyovaliwa na mtu. Haiongezi hata goli moja.

Mwezi uliofuata nikarudi na namba nyingine. Shujaa hayupo. Wamemwondoa dukani, sasa anapatikana ndani ya gemu jipya tu, na gemu hilo linataka mashine ambayo sina na sitaipata. Nilitafuta mpaka macho yakauma. Kabanga alikuwa amekaa pembeni yangu, usukani mkononi, akisubiri. Nikamwambia mtandao ni mbaya.

Wiki mbili baadaye Kabanga alishikwa na homa. Akaacha kula. Muuguzi alisema ni malaria, na dawa anameza, lakini bado hataki chakula. Mke wangu aliwachukua wote wawili kwenda kwa mama yake, mtaa wa Panda. Huko, katikati ya homa, mtoto akamweleza bibi yake habari ya mbwa.

Kwetu mama mkwe na mkwe hawatazamani usoni. Wanaongea kupitia mtu mwingine. Safari hii mama mkwe alikuja na mke wangu, akasimama mlangoni kwangu akanitazama machoni. Alisema, "Shambuyi, kwiko kintu ulimunyima huyu mutoto. Dimanche, nyuma ya misa, utakuya kwa nyumba. Utamuambia mu macho ni kintu gani, na juu ya nini."

Halafu akaondoka. Mke wangu alibaki nyuma kidogo, akanishika mkono. Akasema kwa sauti ya chini, "Kama franga haikukuwa, minye nitasikia. Uniambie tu ile ya kweli."

Nikamwambia pesa haikuwepo. Akalia, akaniomba msamaha kwa kunishuku. Aliniomba msamaha mimi.

Tangu siku hiyo silali vizuri. Hiyo Dimanche, yaani Jumapili, ni keshokutwa. Nikirudia uongo huo mbele ya ukoo utakaokusanyika huko, wote watanihurumia na mke wangu atarudi, lakini nitakuwa nimemdanganya pacha mgonjwa mbele ya pacha mwenzake, na hata mimi niliyekuwa nacheka sasa naogopa. Nikisema ukweli, nitasema nini? Kwamba mwanangu alikuwa mbwa ili wachezaji wasio hai wavae dhahabu? Baba mkwe wangu alikubali posa yangu kwa sababu niliitwa mtu mwenye akili.

Leo asubuhi Kabanga alipewa simu aniongeleshe. Sauti yake imekuwa ndogo. Aliuliza, "Papa, dada ya minye alisha kufika? Minye nachoka kuwa imbwa."

Nikamjibu shujaa wake yuko njiani.

Wenye watoto, wenye mapacha, hata ninyi wacheza gemu wenzangu mnaonijua kwa maneno mengi: nishaurini kabla ya Jumapili. Nimwambie nini mtoto huyu?