Siku Mbili za Jua Seville

Gwenda Prosser alifanya kazi mapokezi katika kliniki ya meno mjini Cardiff. Mvua ya Januari ilipomchosha roho, alitoka kazini Ijumaa akapanda ndege kwenda Seville, Uhispania, na dada yake, Nerys. Hata juani hakutulia: mara kanisani, mara sokoni, mara anachungulia ujumbe wa kazini.

"We Gwenda, keti basi! Umekuja kuota jua au kulikimbiza?"

"Dada, keshokutwa niko kazini. Nikikaa, litaniishia."

"Na ukizunguka halikuishii?"

Gwenda akacheka, akaketi kibarazani pa mkahawa, akasinzia papo hapo. Aliamka shavu moja limeiva kama nyanya.

Jumatatu wenzake walimuuliza, "Seville kukoje?"

"Sijui, nililala," alijibu, huku akitafuta ndege ya Februari.