Dawa ya Karavani

Nikipita mahali fundi anaziba dirisha kwa silikoni, miguu yangu hugoma kuendelea. Ile harufu ya siki ikinipanda puani, mimi si mama wa watu tena. Niko mtaani Bulla Pesa, Isiolo, magoti yamejaa vumbi, namngoja Mama.

Tuliishi kwenye karavani. Usicheke! Watu wa kujenga barabara walipoondoka walimwachia Baba, aliyekuwa mlinzi wao, nyumba ile ya bati yenye magurudumu. Magurudumu yenyewe yalikuwa yameoza, lakini niliwaambia wenzangu kwamba siku moja tungevutwa hadi Ulaya tukiwa tumelala. Shida ilikuwa kuvuja. Mvua ikinyesha nje kidogo, ndani ilinyesha kwa hasira, na nje ikikatika, ndani iliendelea hadi kesho.

Mdogo wangu Ekiru, aliyeitwa hivyo kwa kuwa alizaliwa mvua ikinyesha, akaanza kukohoa. Mama akamfunga mgongoni.

"Baba Akai," alisema, "huyu nilimpa jina la mvua. Sikusema alale ndani yake. Siku nyumba ikikauka, utanipata kwa mama, Leparua."

Mimi nikaachwa kwa sababu ya shule. Ugali wa Baba ungejenga daraja. Jioni nilinusa mto wa Mama mpaka harufu yake ikaniishia.

Baba akaanza kutafuta dawa. Ndivyo alivyosema, "dawa ya karavani," nami nikadhani karavani nayo inaumwa kifua. Alipaka lami. Jua la Isiolo likaiyeyusha, ikateremka madirishani kama uji mweusi, na kuku wa jirani akanasa, akasimama pale kama askari wa zamu. Akapaka saruji, nayo ikapasuka kabla hatujaizoea.

Basi jioni moja akapanda juu, akalaza sikio kwenye bati. Jua lilikuwa linazama, na bati likawa linalia, ta! ta! likijikunja kwa baridi.

"Akai, hii kitu inatembea," aliniambia. "Nimekuwa nikiiziba kana kwamba ni jiwe."

Tukaenda dukani, mtaa wa Wabera. Baba akaomba kuona silikoni zilizokauka kwenye midomo ya chupa. Alizivuta moja moja kwa vidole, halafu kwa meno.

"Mzee, hiyo si ubani!" mwenye duka alimaka. "Usinitafunie duka!"

"Natafuta yenye kuvutika bila kukatika," Baba akajibu, mdomo umejaa.

Alikwangua lami yote, akaosha bati kwa sabuni, akaliacha likauke, kisha akaziba kila mshono, akiukandamiza kwa kidole gumba. Nyumba nzima ikanuka siki kama kachumbari. Akatuma ujumbe Leparua. Mama akarudi.

Mvua ya kwanza ilikuja mchana, Baba akiwa kazini. Tulikaa tukitazama dari. Pakavu. Pakavu. Halafu tone moja, tap, juu ya mto wa Mama.

Mama alilitazama. Akachukua sufuria, akaikunjia leso ndani ili matone yasisikike, akaitega. Kisha akaniwekea kidole juu ya midomo, nisiseme.

Baba alifika akichuruzika maji. Alisimama mlangoni, akimtazama Mama usoni tu.

"Imevuja?"

"Wapi? Hata tone."

Baba akacheka kicheko kilichosikika hadi Meru.

Shule nilikuja kuimalizia usiku, nikiwa mtu mzima. Mwalimu aliposema chuma hupanuka kwa joto na kusinyaa kwa baridi, niliruka, "Baba yangu alilijua hilo!" Darasa zima likacheka, mimi nikiongoza. Lakini kuna jambo hakuna mwalimu aliyenifundisha.

Baada ya kuwazika Baba na Mama, nilipanda juu ya karavani. Mahali palipo juu ya mto wa Mama palikuwa na kichuguu cha silikoni, tabaka juu ya tabaka, mengine ya manjano kwa uzee, mengine bado meupe. Kumbe Baba alijua. Bila shaka alijua! Kila baada ya mvua, leso ile ilianikwa kwenye kamba, imelowa chepechepe, ilhali sisi wa nyumbani tulikuwa tumeshinda ndani bila kunyeshewa. Miaka yote hiyo alipanda kimyakimya, akaziba, akashuka, na akija mlangoni akauliza, "Imevuja?" ili aambiwe, "Hata tone."

Tabaka la juu lilikuwa na alama ya kidole chake gumba. Niliweka changu humo. Kilizama chote, na bati lilikuwa la moto.