Waya Nane za Ndeke ya Mama Kalenga

"Hautaweza," aliniambia tata Ilunga mbele ya watu kwenye soko la Manika, Kolwezi. "Diplome haiwashake motere. Ile ndeke tutaikata, tuuzishe mabati." Kwetu tata ni bwana, motere ni injini, na ndeke ni eropleni. Ile kuukuu ya viti vinne iko Sandoa, na ni ya shemeji yake, mama Kalenga, mjane anayeishi kwa kusafirisha dawa na wagonjwa. Mnunuzi wa vyuma chakavu wa Fungurume alikuwa ameshaitwa. Mama aliomba jambo moja tu: injini ikiwaka vizuri kabla mnunuzi hajaanza kukata, ndeke isikatwe.

Mimi nilisomea ufundi wa ndege Afrika Kusini huku nikiosha magari ya watu ili nijilipie. Hakuna mjomba aliyenisukuma. Nikasema naenda, na hasira ndiyo iliyonifungia mizigo. Niliazima koleo ya kubana ncha za waya kwa fundi umeme, spana ya kupimia mkazo kwenye gereji ya malori, na kipimo cha umeme kwa katekista mmoja aliyewahi kutengeneza redio. Waya mpya nane za injini nilinunua mwenyewe, maana mama alisema injini inakatakata na redio ya ndeke inanguruma.

Alfajiri, kwenye kizuizi cha kutokea Kolwezi, mlinzi anayesaka shaba iliyoibwa migodini alifungua mfuko wangu.

"Hii shaba umeitosha mu mine gani?"

"Ni waya za ndeke, chef. Zinapeleka moto ku buji."

"Buji? Buji zinawashwaka na kiberiti!"

Wenzake wakacheka mpaka wakashikana mabega, maana kwetu buji ni mshumaa, na buji ni plagi ya injini. Nikatoa diploma. Akaishika juu chini, kisha akakata waya wangu mrefu kuliko zote aione hiyo shaba. Akakuta uzi mwembamba ndani ya mpira mnene na wavu wa chuma.

"Kumbe iko kidogo," akasema, akanirudishia vipande bila hata pole.

Njia nzima ya Sandoa, juu ya magunia ya unga kwenye lori, nilimtukana kimoyomoyo. Bahati yake nilibeba waya wa akiba. Aliyesoma hasafiri kwa kubahatisha.

Sandoa, mama Kalenga alinitengea bukari na sombe, yaani ugali na kisamvu.

"Kula kwanza, tata. Ndeke haikimbie."

"Mnunuzi ndiye anakimbia, mama."

Nilipofungua kifuniko cha injini, damu ilinipanda. Waya zilikuwa za pikipiki! Hazina wavu wa kuzuia cheche zisiingilie redio, ndiyo maana redio ilinguruma na rubani wa mama hakusikia mtu. Karibu na bomba la moshi ganda la waya lilikuwa limeyeyuka.

"Nani alifanya ujinga huu?"

"Tata Ilunga alileta fundi wake wa taxi-moto," mama akasema, akimaanisha pikipiki za abiria, huku akiangalia pembeni.

Nilizitoa moja moja, nikiandika namba kabla ya kugusa inayofuata: silinda nne, buji mbili kila moja. Ukikosea waya mmoja, injini inapiga teke. Nilitengeneza upya ule uliokatwa, nikapima zote, nikazifunga mbali na bomba la moshi.

Nilikuwa nakaza ya mwisho pikapu ya mnunuzi wa Fungurume ilipoingia uwanjani, tata Ilunga ndani, msumeno nyuma.

"Mutoto wa Manika, shuka tukate!" tata Ilunga akapaza sauti.

Sikushuka mpaka spana ilipolia kuwa mkazo umetosha. Kisha nikampungia mkono rubani, aliyekuwa ameshakaa kwenye usukani. Injini ikakohoa, ikashika. Rubani akazima magneto ya kushoto, mtambo unaolisha cheche nusu ya buji, akairudisha, akazima ya kulia: mlio ulishuka kidogo tu, sawa pande zote. Redio ikawa safi kama imeoshwa.

Mnunuzi akamgeukia tata Ilunga. "Mi nanunuaka bya kufa. Hii iko muzima."

Nilirudi Kolwezi angani. Juu ya kizuizi kile nilimwomba rubani azunguke mara moja, nami nikacheka peke yangu.

Nilichojifunza ni hiki: watu wetu wataamini waya wa pikipiki kabla ya mtoto wao aliyesoma, mpaka asikike juu ya mapaa yao. Nilirudisha koleo, spana na kipimo, vimepanguswa. Kisha nikamsubiri tata Ilunga pale pale sokoni mpaka alipofika, vumbi hadi kwenye kope. "Kila aliyeniazima nimemrudishia, umebaki wewe," nikamwambia.

"Mi sikukuazima kitu," akasema.

"Uliniazima neno, tata: 'Hautaweza.' Nimekurudishia, shika."

Akapita bila kunisalimia.